Segue: namna ya kuhama mada bila kumshtua msikilizaji

Neno lenyewe ni segue. Anayelikuta kwa mara ya kwanza kwenye maandishi ya Kiingereza hudanganywa na macho, kwa sababu Kiingereza kina maneno kadhaa yenye mwisho kama huo, mfano league, vague na dialogue, na yote hayo herufi zake mbili za mwisho hazisomwi. Ndiyo maana wengi hulisoma "sig" au "seg" tu. Hutamkwa "segwei", na uzito wote hukaa mwanzoni: SEG, kisha "wei" hupita kwa wepesi. Hapo ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuuchunga ulimi. Mkazo wetu umezoea kuangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiuachia uende unakotaka, tutatoa neno ambalo Mwingereza atalisikia kama jina la mtu.

Tusijione wageni sana hapo, maana wenye lugha yao nao hulikosea. Mwezi Desemba 2001 mvumbuzi Mmarekani, Dean Kamen, alizindua chombo cha magurudumu mawili ambacho mtu husimama juu yake na kuinamia mbele kidogo ili kiondoke. Kiliitwa Segway, jina lililochongwa kwa kuiga sauti ya neno hili. Utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020, lakini tahajia imebaki mitaani, na leo si ajabu kusoma barua pepe ya Mmarekani msomi kabisa aliyeandika segway akiwa na maana ya kuhama mada. Usimwige. Wapo pia wanaoweka q badala ya g, nao wamekosea.

Asili yake ni Kiitaliano, na maana yake huko ni "inafuata", basi. Tangu karne ya 18 limekuwa likiandikwa kwenye karatasi za muziki, mwishoni mwa sehemu, kumwambia mpigaji kwamba sehemu inayofuata ianze hapo hapo. Katika karne ya 20 likahamia redioni, na kutoka redioni likaingia katika maongezi ya kawaida.

Kosa kubwa la matumizi ni kulifanya neno hili liwe pacha wa transition. Transition ni pana mno. Tanzania ilipopitisha sheria ya vyama vingi mwaka 1992, hiyo ilikuwa transition. Televisheni kutoka analojia kwenda dijitali, mtoto kutoka shule ya msingi kwenda sekondari, ofisi kutoka kwa mkurugenzi mmoja kwenda kwa mwingine, zote ni transition. Hakuna hata moja inayoitwa segue. Segue hutokea ndani ya mtiririko mmoja unaosikika au kusomeka, kama wimbo, hotuba, kipindi, maongezi au makala, na sharti lake ni kwamba msikilizaji asipewe kituo cha kushukia. Ukitaka kujua kama neno linafaa, jiulize: katikati pana kituo? Kama kipo, tafuta neno jingine.

Kisarufi halina taabu. Likiwa kitenzi hupenda kufuatwa na into au to, na mahali ulikotoka huletwa na from: "She segued from the price of maize into the school budget." Likiwa nomino, ni a segue from kitu fulani to kingine. Wakati uliopita ni segued, husomwa "segweid". Umbo la -ing huandikwa segueing, na ile e haidondoshwi. Linaonekana vibaya machoni, lakini ndivyo lilivyo. Ni neno la maongezi, la magazeti na la studio. Kwenye mkataba au ripoti ya ukaguzi wa hesabu litaonekana limevaa kandambili ofisini. Jambo la mwisho katika fungu hili: mwenye kuifanya kwa ustadi haitangazi. Anayesimama jukwaani na kusema anafanya segue kwenda mada ya pili ameshaweka kile kituo kisichotakiwa. Waingereza na Wamarekani hulitamka mbele za watu hasa kwa utani, pale mtu anapopindisha maongezi kwa hila ili afike anapopataka, mathalani kutoka kusifia gari lako hadi kuomba lifti.

Hayo yanatosha kwa neno. Ufundi wenyewe ndio unaohitaji muda, na pa kuanzia ni kwenye muziki, kwa kuwa huko ndiko ulikozaliwa.

Sikiliza konseto ya violini ya Felix Mendelssohn katika E ndogo, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Leipzig mwaka 1845. Sehemu ya kwanza inamalizika kwa kishindo, okestra nzima inanyamaza, isipokuwa ala moja ya kupuliza yenye sauti nzito, basuni. Hiyo inabaki imeshikilia noti moja iliyokuwa ndani ya sauti zile za mwisho. Inaivuta, halafu inapanda nusu hatua tu, na kwa hatua hiyo ndogo tunajikuta ndani ya sehemu ya pili, ya polepole, yenye hali nyingine kabisa. Makofi hayapati pa kuingilia. Angalia kilichofanyika: hakikuongezwa kipande cha tatu cha kuziunganisha hizo mbili. Kitu kilichokuwamo ndani ya ile ya kwanza kilikataa kunyamaza, kikawa mwanzo wa ile ya pili.

The Beatles walifanya kwa njia nyingine katika Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya mwaka 1967. Wimbo wa kwanza unamtambulisha kwa jina mwimbaji atakayekuja, Billy Shears. Kelele za watu wanaoshangilia zinapita juu ya kiungo, na wimbo wa pili unaanza huku mhusika huyo, aliyeimbwa na Ringo Starr, akishika kipaza sauti. Huku kwetu mashabiki wa rumba ya Kikongo hawahitaji kufundishwa. Wimbo unaanza taratibu, waimbaji wanasimulia, kiitikio kinarudi na kurudi, na kabla hakijaisha gitaa la solo limeshaanza kujirudia kwa kasi chini yake. Wachezaji wanajua kabla ya kuambiwa kwamba sebene imeingia. Ukimuuliza aliyekuwa anacheza ni sekunde gani hasa wimbo ulibadilika, atakwambia hajui. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambayo kiungo kinaweza kupewa.

Redioni, watangazaji wa Marekani walilitumia neno hili kwa maana finyu: nyimbo mbili kupigwa mfululizo bila mtangazaji kusema lolote. Hadi leo programu zinazoendesha vituo vya redio huwa na alama ya segue kwenye kila wimbo, yaani pale ambapo wimbo unaofuata unaruhusiwa kuanza ilhali huu unafifia. Ukiiweka alama mapema mno, waimbaji wawili wanagombana hewani. Ukiiweka kwa kuchelewa, kuna shimo. Na usiipange kwa saa pekee. Wimbo unaoishia ghafla kwa pigo la ngoma hauhitaji kufifishwa. Uachie umalize pigo lake, na unaofuata uanze kwenye pigo ambalo lingefuata.

Mtangazaji anayesema ana kazi ngumu zaidi, maana nyimbo mbili zinaweza kukutana kwa mdundo lakini habari mbili lazima zikutane kwa maana. Tuseme ni msimu wa masika Dar es Salaam. Mto Msimbazi umefurika, Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, na wewe una dakika moja ya kumaliza habari hiyo na kuingia michezo. Njia ya kila siku ni hii: "Naam, hayo ni ya mafuriko, sasa moja kwa moja tugeukie upande wa michezo." Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini "naam", "moja kwa moja" na "upande wa" ni maneno matupu. Yanamwambia msikilizaji kwamba mlango umefungwa na mwingine umefunguliwa, na hapo katikati yeye ana nafasi ya kubadili masafa.

Njia ya pili ni ya jina. Msimbazi ni mto, ni mtaa wa Kariakoo yaliko makao makuu ya Simba, ni sehemu ya jina la utani la klabu hiyo, na ni jina ambalo watu wa mitaani wameipa noti nyekundu ya shilingi 10,000. Jangwani nako ndiko nyumbani kwa Yanga. Kwa mtangazaji hii ni hazina. "Msimbazi wa maji umefunga barabara; Msimbazi wa Kariakoo nao umefunga usajili." Msikilizaji atatabasamu, na umevuka. Mimi siidharau njia hii, ila ina mipaka: ni mchezo wa sauti, hauongezi habari, na ukiurudia wiki ijayo utasikika kama mjomba anayerudia fumbo lile lile kila sikukuu.

Njia ya tatu ni ya jambo, na ndiyo ninayoipendekeza. Tafuta kitu ambacho kweli kimo katika habari zote mbili. Barabara ya Morogoro imefungwa. Nani anaipita jioni hii? Miongoni mwao wamo mashabiki wanaotoka Ubungo na Magomeni kwenda uwanjani. Basi sema: "Jangwani hapapitiki, kwa hiyo anayetoka Magomeni atafute njia ya kuzungukia mapema. Na wenye tiketi za mechi ya saa moja usiku ndio wanaotakiwa kuwa wa kwanza kuondoka nyumbani, kwa sababu leo…" na umeshaingia michezo. Umempa msaada, umemaliza habari ya kwanza, na habari ya pili imeanza kabla hajagundua. Hapo ni kama ile noti ya basuni: barabara ilikuwa ndani ya mafuriko tangu mwanzo, wewe umekataa tu kuinyamazisha.

Washereheshaji wa harusi wangefaidika kuliko mtu yeyote kama wangelishika hili. Ratiba ya ukumbini haichekeshi: utambulisho, keki, shampeni, zawadi, chakula, muziki, kila kimoja na watu wake wanaosubiri, na katikati yake maneno "bila kupoteza muda", ambayo ndiyo yanayopoteza muda. Mshereheshaji mzuri hukaa karibu na anayezungumza na kusikiliza, hapigi simu kwa mpishi. Chukua mfano: mjomba wa bibi harusi ametoa neno, na humo amesema kwamba huyu binti utotoni alikuwa hali kitu mpaka alishwe na bibi yake. Kinachofuata kwenye ratiba ni keki. Anayesikiliza ameshapata kila kitu. Atasema: "Mjomba, ahsante. Bibi aliyekuwa anamlisha yupo meza ya mbele, amevaa kitenge cha bluu. Bibi, leo zamu imegeuka, wewe ndiye utakayelishwa. Keki iletwe." Neno "kulisha" limetoka kinywani mwa mjomba, limepita kwa bibi, limefika kwenye keki. Hakuna aliyetangaziwa kwamba sasa tunaingia kipengele cha nne. Na kumbuka, mstari huo haungeweza kuandikwa nyumbani jana yake. Unachoweza kuandaa nyumbani ni kujua kipengele kinachofuata kwa moyo, ili sikio lako liwe huru kuvua neno litakalofaa.

Kuna mahali ambapo segue ni kosa hata ikiwa tamu. Msimbazi ule ule ukiwa umeua watu, habari zake hazipewi kiungo cha kwenda kwenye mpira, wala cha jina wala cha jambo. Neil Postman, msomi wa Marekani, katika kitabu chake Amusing Ourselves to Death cha mwaka 1985, alitenga sura nzima kulalamikia jinsi watangazaji wa televisheni wanavyoruka kutoka maafa hadi tangazo la biashara kwa maneno mawili matatu, kana kwamba kilichosemwa sasa hivi hakihusiani na chochote. Baadhi ya watu husoma lalamiko hilo na kudhani dawa yake ni kuvuka kwa ulaini zaidi. Kwangu ni kinyume. Ukiunganisha maiti na sabuni kwa ustadi, umemfanya marehemu kuwa utangulizi wa sabuni. Baada ya tangazo la kifo, nyamaza sekunde mbili. Kisha taja saa: "Ni saa moja na robo." Redio zetu zina mazoea mazuri ya kutaja saa, na saa haina upande, haimhusu aliyekufa wala mfungaji wa bao. Hapo msikilizaji amepewa kituo, na safari hii anakistahili.

Tukija kwenye kuandika, lugha yetu imetupa vifaa ambavyo Kiingereza hakina, na inasikitisha kuona tunaviacha ili kuiga vyao. Cha kwanza ni -ka-. "Alishuka kwenye daladala, akanunua muhogo wa kuchoma, akavuka barabara." Kila kitenzi kinapokea kijiti kutoka kwa kilichotangulia bila "halafu", "kisha" wala "baada ya hapo". Wanaotafsiri simulizi za Kiingereza hupenda kuzisimamisha "halafu" kila sentensi, na simulizi inaanza kuchechemea. Zitoe zote, weka -ka-, soma tena kwa sauti, kisha rudisha "halafu" mahali pamoja au pawili ambapo kweli kuna ruko la muda.

Kifaa cha pili ni uhuru wa kuanza sentensi na kitu ulichomalizia. Tazama: "Alishuka kwenye daladala akanunua muhogo wa kuchoma. Muhogo huo aliununua kwa mama mmoja ambaye zamani alikuwa mwalimu wake." Kile kiambishi "u" kilichomo ndani ya kitenzi kinatuwezesha kuuweka muhogo mbele ya kila kitu, na kwa kuwa msomaji bado anauona mkononi mwa mhusika, anavuka nao hadi kwa mwalimu, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamtafuta tangu awali. Mwandishi wa makala anayetaka kuhama kutoka bei ya chakula hadi pensheni za walimu hana haja ya aya ya utangulizi. Ana muhogo.

Shuleni tulipewa orodha: aidha, isitoshe, vilevile, hata hivyo, kwa upande mwingine. Si mabaya, lakini hayaungi chochote kama mawazo yenyewe hayajaungana. Weka "isitoshe" kati ya sentensi mbili zisizohusiana na zitabaki hazihusiani, ila sasa zina kelele katikati. (Na "aidha" ni "pia", jamani. Anayeandika "aidha chai au kahawa" anawaza either ya Kiingereza. Sema "ama chai au kahawa".)

Wazee wetu walikuwa na viungo vyao vya heshima, na baadhi bado vinafaa kuchunguzwa. Khatibu msikitini humsifu Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, kisha husema "ama baad", na kila aliyeketi anajua kwamba sasa unakuja ujumbe wenyewe. Barua za zamani za kirafiki zilikwenda mbali zaidi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali, baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni… Watu huicheka leo fomula hiyo, lakini itazame nusu yake ya kwanza. Inaanza na mimi, inaishia na wewe, na neno "mbali" limeshaeleza kwa nini barua imeandikwa. Nusu ya pili, "dhumuni la barua hii", ndiyo iliyoharibu kazi, kwa kuja kutangaza kile ambacho "mbali" ilikwisha kukifungulia njia. Ukiandika barua leo, hata ya kuomba kazi, jaribu kubaki na ile ya kwanza tu.

Kwa anayetaka kuanza mazoezi wiki hii, chukua hotuba au makala uliyoandika na uinakili kwa namna ya ajabu kidogo: kwenye karatasi moja andika sentensi ya mwisho ya kila sehemu, na chini yake sentensi ya kwanza ya sehemu inayofuata. Usiandike kingine. Pigia mstari neno, mtu, mahali au kitu kinachoonekana katika zote mbili. Ukikuta jozi isiyo na kitu cha kupigia mstari, usikimbilie kuongeza sentensi ya tatu ya kuziunganisha. Mara nyingi kitu hicho kimo ndani ya sehemu ya kwanza, aya mbili juu, na umekitaja mapema mno. Kishushe kikae mwishoni. Kama kweli hakimo popote, huenda mpangilio wa sehemu ndio wenye kasoro: jaribu kuibadilisha ya tatu na ya tano. Na ikishindikana kabisa, acha mstari mmoja mtupu, weka kichwa kidogo, uanze upya kwa uso mkavu. Msomaji hukasirishwa na kiungo cha kulazimisha kuliko na nafasi tupu.